Brashi haichori, kifutio kinaacha weupe: aanzie wapi anayejifunza GIMP?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimezoea kupiga picha kwa simu, sasa nataka kujua kuzihariri ili nipate kazi studio au nifungue kibanda changu cha picha za pasipoti na sherehe. Nina laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na Windows 10, nimeweka GIMP 3.0. Ni mwezi wa pili naangalia masomo ya video, lakini nikikaa peke yangu nakwama. Brashi inagoma kuchora. Nikifuta sehemu, panabaki weupe badala ya kuwa wazi. Nina picha ya posa ya binamu yangu, amevaa kanzu nyeupe, amesimama chini ya mwembe saa saba mchana. Uso umekuwa giza, na nikiongeza mwanga anakuwa kama amepakwa majivu. Nikiituma kwa WhatsApp inafika na ukungu. Wenzangu wanasema tatizo ni GIMP, nitafute Photoshop. Nianzie wapi? (Msomaji wa kike, Tanga)

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako wanailaumu programu bure. Leya, yaani matabaka ya picha yanayolazwa moja juu ya jingine, zilifika Photoshop mwaka 1994, katika toleo la 3.0. GIMP ilianza mwaka 1995 mikononi mwa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na leo ina leya, maski (pazia la kuficha sehemu ya leya), Levels na Curves (zana za kurekebisha mwanga) zinazofanya kazi ileile kwa majina yaleyale. Ukizielewa kwenye moja, kwenye nyingine utahitaji siku chache tu za kuzoea vitufe vilipo. Studio itakayokuajiri ikiwa inatumia Photoshop, utaizoea hukohuko kwa leseni yao. Photoshop iliyovunjwa kufuli usiiguse: faili za namna hiyo ni njia ya kawaida ya virusi kuingia kwenye kompyuta, na siku ukianza kazi kompyuta hiyo itabeba picha za harusi na watoto wa watu waliokuamini. GIMP yenyewe ichukue gimp.org, si kwingine.

Kinachokukwamisha ni kwamba video inakuonyesha mkono wa mtu ukibofya, haikuonyeshi alichokagua kabla ya kubofya. Mhariri mzoefu, kabla hajashika zana yoyote, macho yake yanapita sehemu mbili: je, leya ipi imechaguliwa sasa, na je, kuna uteuzi wowote kwenye picha, yaani sehemu iliyozungushiwa mpaka? Brashi, kifutio, Levels, kichujio chochote, vyote hufanya kazi ndani ya leya iliyochaguliwa tu, na ndani ya uteuzi tu kama upo. Karibu kila unachokiita ugomvi wa GIMP kimekaa hapo.

Tuanze na brashi. Leya ni kama karatasi za nailoni zilizolazwa juu ya picha, na wewe unachora kwenye moja tu kwa wakati mmoja. Ukichora na kitu hakionekani, sababu ya kwanza kuichunguza ni uteuzi uliosahaulika. Ulizungushia kitu kidogo dakika kumi zilizopita, ukakuza picha, na sasa ile mistari ya vipande inayotembea iko nje ya kioo chako. Brashi inakataa kuvuka mpaka ambao huuoni. Bonyeza Shift+Ctrl+A, uteuzi unafutika, jaribu tena. Kama bado, tazama dirisha la Layers. Pengine leya iliyochaguliwa iko chini na imefunikwa na ya juu, au alama ya jicho pembeni yake imezimwa. Pengine leya ina maski na wewe unapaka kwenye maski: vijipicha viwili vinakaa sambamba, na kilichozungukwa na ukingo mweupe ndicho kinachopokea rangi. Pengine leya ni ndogo kuliko picha. Hapo utaona ukingo wa vipande vya njano na vyeusi, na nje ya ukingo huo hakuna karatasi ya kupakwa rangi. Nenda menyu ya Layer, chagua Layer to Image Size. Mwisho kabisa ndipo uangalie Opacity ya brashi, yaani uzito wa rangi yake, isije ikawa uliishusha karibu na sifuri.

Fuata mpangilio huohuo kila mara brashi ikigoma, hadi uwe mazoea. Utaokoa saa nyingi kuliko video yoyote itakavyokuokolea.

Kifutio kuacha weupe kuna sababu moja tu. Picha ya JPEG haina uwazi: kila pikseli, yaani nukta ndogo ya rangi, ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, basi. Ili sehemu iweze kuwa wazi, pikseli inahitaji namba ya nne, inayoitwa alfa, inayoeleza pikseli ionekane kwa kiasi gani. Leya isiyo na alfa ukiifuta, GIMP haina pa kuandika uwazi, kwa hiyo inapaka rangi ya nyuma iliyopo kwenye kisanduku cha rangi, na kwako ni nyeupe. Nenda Layer, Transparency, Add Alpha Channel. Ukifuta sasa utaona miraba ya kijivu kama ubao wa drafti. Hiyo ndiyo alama ya uwazi. Ukihifadhi picha hiyo kama JPEG uwazi unapotea tena, kwa hiyo kilicho wazi kihifadhi kama PNG.

Ila nakuomba sana, zoea kutotumia kifutio kwenye picha za watu. Tumia maski. Kifutio kinaondoa, maski inaficha. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, Add Layer Mask, chagua White. Paka nyeusi kwenye maski, sehemu hiyo inafichika; paka nyeupe, inarudi; kijivu inaionyesha nusunusu. Herufi X inabadilishana rangi ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo unapaka, ukikosea unabonyeza X na kurudisha, bila kuhesabu Ctrl+Z. Ukigundua kesho kwamba ulikata sikio la bwana harusi, sikio bado lipo.

Kabla ya kurudi chini ya mwembe, hakikisha unafanyia kazi picha yenyewe. Nadhani faili unayohariri ilishapita WhatsApp mara moja. WhatsApp hupunguza vipimo vya picha na kuikandamiza, na ukiihariri halafu ukaituma tena, inakandamizwa mara ya pili. Ukungu unaouona ni huo. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa maelezo madogo ndani ya kila mraba, na maelezo hafifu ya gizani hupotea kirahisi. Ukivuta mwanga kwenye giza hilo, miraba inajitokeza usoni kama vigae. Ichukue picha kwenye simu iliyoipiga, kwa waya wa USB, na ukimaliza itume kama dokumenti, siyo kupitia kitufe cha picha. Faili ya kwanza iweke kwenye folda yake na usiifungue tena isipokuwa kwa kunakili.

Sasa uso wa binamu yako. Saa saba mchana jua liko utosini, na nyuma yake kuna anga na uwanja unaong'aa. Simu imepima mwanga wa fremu nzima, ikaona weupe mwingi wa kanzu na uwanja, ikapunguza kila kitu ili weupe usiungue. Uso ulio kivulini ukabaki na namba ndogo. Chukua Color Picker, herufi O, shikilia Shift na bofya shavuni: linafunguka dirisha la namba. Chagua RGB (0..255), maana 0 ni giza tupu na 255 ni weupe wa mwisho. Tuseme shavu linasoma 45, 30, 24 na kanzu inasoma 240 kote.

Wewe umekuwa ukitumia Brightness-Contrast. Brightness inainua kila kitu, hata nyeusi yenyewe. Nywele, mboni za macho na kivuli cha kidevu vilivyopaswa kubaki karibu na sifuri vinapanda na kuwa kijivu, na picha nzima inakaa kama imefunikwa na moshi. Majivu yameanzia hapo. Tumia Levels badala yake, kwenye menyu ya Colors. Chini ya ile milima ya histogramu, mchoro unaoonyesha picha ina giza na mwanga kiasi gani, kuna pembetatu tatu: nyeusi kushoto, nyeupe kulia, na ya katikati inayoitwa gama. Nyeusi na nyeupe ziache zilipo. Ya katikati isogeze hadi namba yake isome 1.50.

Soma shavu tena. Ile 45, 30, 24 imekuwa takriban 80, 61, 53. Kanzu imetoka 240 ikafika 245 tu, na nyeusi tupu imebaki sifuri. Mwanga umeingia palipohitaji mwanga. Lakini zitazame vizuri namba hizo, kwa sababu hapa ndipo picha nyingi za watu weusi zinapoharibika mikononi mwa wahariri wasiojua. Mwanzo nyekundu ilikuwa karibu mara mbili ya bluu: 45 kwa 24. Sasa ni 80 kwa 53, mara moja na nusu. Namba zimesogeleana, na rangi ambayo namba zake tatu zinasogeleana inaelekea kijivu. Ngozi imepata mwanga ila imepoteza joto lake la kahawia. Hayo ndiyo majivu ya pili, na Levels peke yake haiyaondoi. Fungua Colors, Saturation, weka Scale kati ya 1.10 na 1.20, na utaona damu inarudi usoni. Ukivuka 1.30 hivi, midomo na weupe wa macho vinaanza kuwa vyekundu; rudi nyuma.

Kanuni ya kukaguzia ngozi, iwe nyeusi sana au maji ya kunde, ni kwamba nyekundu iwe juu ya kijani, na kijani juu ya bluu. Ukikuta bluu imepita kijani katikati ya shavu, mwanga wa anga umetia ubaridi. Ukikuta kijani inakaribiana na nyekundu, majani ya mwembe yameakisi rangi yao usoni, na hilo ni la kawaida mno chini ya miti. Kwenye Levels kuna tone la kuchagulia kijivu: ukibofya kitu kisicho na rangi, programu inasawazisha nyekundu, kijani na bluu kwa kukitazama hicho. Saruji kavu ni nzuri, ukuta wa chokaa ni mzuri. Kanzu nyeupe ni mtego. Nguo iliyosuuzwa kwa buluu ya kufulia ina ubluu halisi ndani yake, na ukiiambia programu kwamba hiyo haina rangi, itaondoa bluu kwenye picha nzima na bwana wetu atakuwa wa manjano. Kwa sababu inayofanana, jihadhari na Colors, Auto, White Balance. Amri hiyo inanyoosha nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake hadi zijaze nafasi yote. Picha iliyojaa majani au udongo mwekundu inaelewa vibaya, inadhani rangi ya mahali ni kosa la kamera.

Namba 1.50 isiwe sheria. Jaribu 1.20, jaribu 1.80, tazama. Karibu na 2.00 chembechembe huanza kuonekana, hasa shingoni na chini ya macho, kwa sababu simu ilirekodi hatua chache sana za giza na wewe unazitawanya zijaze nafasi kubwa. Hakuna kichujio cha kurudisha kisichorekodiwa. Na usimfanye mtu awe mweupe kuliko alivyo. Lengo ni aonekane kama mama yake anavyomwona akisimama mlangoni asubuhi: macho yana mng'ao, mashavu yana umbo, rangi ni yake.

Tatizo lililobaki ni kwamba umeangaza picha nzima wakati uso tu ndio ulihitaji. Kwa hiyo anza upya hivi. Nakili leya kwa Shift+Ctrl+D. Kwenye nakala ya juu fanya Levels na Saturation kama tulivyosema, ukiangalia uso peke yake, hata uwanja wa nyuma ukiungua usijali. Kisha ipe leya hiyo maski, safari hii chagua Black. Yote inafichika, inaonekana picha ya chini. Chukua brashi, herufi P, chagua ile laini iitwayo Hardness 025, ukubwa karibu nusu ya upana wa uso, Opacity 30, rangi nyeupe. Paka kwenye maski: paji la uso, mashavu, kidevu, shingo, mikono. Kila mpigo unaongeza mwanga kidogo, kwa hiyo pitia mara mbili tatu palipo na giza zaidi na mara moja pembeni. Kanzu usiiguse. Ukiona duara la mwanga kuzunguka kichwa, umevuka ukingo. X, paka nyeusi, rudisha. Mwisho bonyeza jicho la leya, zima na washa, ulinganishe. Ukiwa umezidisha, usirudie kazi, shusha Opacity ya leya hadi 70.

Utakutana na alama ya fx kwenye dirisha la Layers. Kabla ya toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, kichujio kikishawekwa kilikuwa kimeshaingia kwenye pikseli moja kwa moja. Sasa kinabaki kama nyongeza juu ya leya, unaweza kukifungua tena na kubadilisha namba. Ni kitu kizuri mno kwa anayejifunza, ila kwenye RAM ya GB 4 nyongeza nyingi zitaifanya mashine ivute pumzi. Ukiridhika na namba, changanya nyongeza hizo na leya.

Na hiyo RAM, hesabu yake ni nyepesi. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Kila moja yenye alfa inachukua baiti 4, sawa na MB 48 kwa leya moja, bila kuhesabu kumbukumbu ya kurudi nyuma. Leya tano ni MB 240. Mashine yako inaweza, mradi kivinjari kimefungwa. Image, Precision, iache kwenye biti 8, kwa sababu 32 itazidisha mzigo mara nne na JPEG ya simu haina maelezo ya kufaidi nafasi hiyo. Wakati wa mazoezi tumia nakala iliyopunguzwa hadi 2000 kwa 1500: robo ya uzito, na somo ni lilelile.

Kusafisha ngozi nitakugusia kidogo tu, maana wanaoanza hukimbilia huko na ndiko wanakoharibu zaidi. Chunusi na mikwaruzo ya muda iondoe kwa Heal, herufi H: shikilia Ctrl na bofya ngozi safi iliyo jirani, kisha bofya chunusi kwa brashi kubwa kidogo kuliko chunusi yenyewe. Jirani, narudia. Ukichukua ngozi ya paji na kuipeleka shavuni, vinyweleo havifanani na jicho la mtazamaji linagundua hata kama hajui amegundua nini. Fanya kwenye leya ya nakala. Kovu la kudumu, chale, mwanya, hivyo ni vya mwenyewe, muulize kwanza. Kulainisha uso mzima kwa Gaussian Blur acha kabisa, vinyweleo vikifutika mtu anafanana na sanamu ya nta.

Kuhifadhi kunachanganya wengi. Kwenye GIMP, Ctrl+S inahifadhi XCF tu, faili ya kazi yenye leya na maski zote. JPEG ya kumpa mtu inatoka kwa Shift+Ctrl+E. Kila kazi iwe na zote mbili, kwa sababu mteja atarudi na kusema "uso umezidi kung'aa", na kama una JPEG peke yake utaanza upya. Kwenye kutoa JPEG, ubora wa 90 unaokuja wenyewe unatosha. Kupita 95 faili inanenepa na macho hayaoni tofauti. Ukitaka kunoa picha, noa mwisho kabisa, baada ya kupunguza vipimo, kwa Filters, Enhance, Sharpen. Kwa picha ya simu weka Radius 0.8 na Amount 0.5, ukitazama kwa ukubwa wa asilimia 100, yaani bonyeza namba 1. Ukinoa picha ukiitazama imepunguzwa kwenye kioo, utazidisha, na chapa itatoka na mistari myeupe kuzunguka nywele.

Jambo la kioo chenyewe: laptop nyingi za mtumba zina vioo vinavyobadilisha mwanga ukivigeuza kidogo. Kaa uso kwa uso nacho, mfuniko uwe pembe ileile kila siku, mwanga wa kioo usibadilike ukichomoa chaji, na Night light ya Windows izime. Kisha tazama kazi yako kwenye simu mbili tofauti kabla hujaiita imekwisha.

Kwa mazoezi, achana na video kwa wiki tatu. Chukua picha moja kila siku, yako mwenyewe, uimalize kuanzia kuifungua hadi kutoa JPEG: kukata, Levels, maski ya uso, Heal kidogo, kupunguza, kunoa, kuhifadhi. Picha ya siku ya kwanza ifanye tena siku ya kumi na siku ya ishirini kutoka kwenye faili mama, kisha ziweke tatu pamoja. Video irudie pale tu unapokwama na una swali lenye jina, kwa mfano "nywele za kusuka zinakatwaje kwenye mandhari".

Na kwa kuwa umetaja kibanda, anza na pasipoti mapema, ni shule nzuri ya vipimo. Ukubwa mmoja unaoombwa sana ni milimita 35 kwa 45, ingawa pasipoti na vibali vingine vina vyake, kwa hiyo uliza kwanza. Chukua zana ya kukata, Shift+C, washa Fixed, chagua Aspect ratio, andika 35:45. Kata kichwa na mabega, kisha Image, Scale Image: upana 413, urefu 531, X resolution na Y resolution 300. Huo ni ukubwa wa 35 kwa 45 katika pikseli 300 kwa kila inchi. Ukitaka 300 kutoka kwenye uso uliopigwa kwa mbali, wenye pikseli 150 tu kwa upana, programu italazimika kubuni pikseli na chapa itatoka laini kama sabuni. Sogea karibu unapopiga.

Mandhari kama inatakiwa rangi nyingine, usitegemee kukata nywele kwa mkono. Mpige mteja mbele ya shuka jeupe lililonyooshwa, mita moja na nusu mbele yake ili kivuli chake kisiangukie kitambaani. Leya ya chini iwe rangi inayotakiwa. Juu yake weka picha, Mode ya leya iwe Multiply: weupe unayeyuka, rangi ya chini inaonekana, na kila unywele mweusi unabaki ulivyo, hata afro na vinyoya vya kusuka. Mbinu hii inafaa pale tu rangi mpya ni nyepesi na shuka ni jeupe kwelikweli, yaani 245 kwenda juu. Likiwa kijivu, mandhari yatatoka na madoa. Juu kabisa weka nakala ya picha katika Mode ya kawaida, ipe maski ya Black, na upake nyeupe kwenye uso, shingo na nguo tu, ukiishia kidogo ndani ya mstari wa nywele. Hapo mwili hautatiwa rangi ya mandhari. Uso wa pasipoti usafishe mwanga tu. Ukiondoa alama au kulainisha ngozi, picha inaweza kukataliwa, na aliyelipa nauli kuipeleka ni mteja wako.

Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni pikseli 1772 kwa 1181 ikilazwa. Zinaingia nane: nne kwa upana, mbili kwa kimo. Picha nne zinachukua 1652, zinabaki 120, gawa katika nafasi tano za pikseli 24, karibu milimita mbili za kupitisha mkasi. Kwa kimo zinabaki 119, gawa katika nafasi tatu za 39 au 40. Tengeneza karatasi hiyo mara moja, ihifadhi kama XCF yenye mistari ya miongozo iliyovutwa kutoka kwenye rula ya pembeni mwa dirisha, na kila mteja ubandike yake. Unapochapa, zima amri yoyote ya printa inayosema Fit to page, maana inaibana picha kimyakimya. Chapa karatasi moja kwanza, weka rula juu ya picha. Upana usome milimita 35. Ukisoma 33 au 34, printa imebana, na hizo nane usimpe mtu.